Somo la Wafanyakazi: Mkalimani Yupi Anayesoma Hesabu Zetu?



Siku hizi katika mashamba na viwanda vingi hesabu ya mshahara haifanywi tena na karani mwenye kalamu peke yake. Kilo za majani ya chai hupimwa, zikaandikwa, kisha zikaingizwa katika kompyuta. Saa za kuingia na kutoka kiwandani huingizwa humo humo. Mwisho wa mwezi tunapewa karatasi. Tukiuliza, tunajibiwa: "Ndivyo mashine ilivyosema." Neno hilo limewanyamazisha watu wengi.

Katika somo hili tunataka kueleza kosa moja la kompyuta ambalo sisi wenyewe lilitupata. Halikuwa kosa la mashine ya tajiri. Lilikuwa kosa la mashine ya chama, na lilikaribia kutunyang'anya madai yetu ya haki kwa mikono yetu wenyewe. Anayeandika hapa hakusoma zaidi ya shule ya msingi, kwa hiyo asiogope mtu. Yaliyotuingia sisi yatamwingia kila mmoja.

1. KISA CHENYEWE

Mwezi wa Oktoba 2023, katika tawi letu la kiwanda cha chai, upande wa magharibi ya Uganda, kulikuwa na malalamiko juu ya saa za ziada, zile ambazo wengi tunaziita ovataimu. Ndugu zetu wa boila, wa chumba cha kunyaushia majani na wa mashine za kukausha walikuwa wakibaki kazini hadi usiku. Ulikuwa wakati wa mvua, na majani yakiwa mengi hayangojei asubuhi, yakikaa yanaharibika. Walisema saa hizo za usiku zinalipwa kama saa za kawaida.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi juu ya jambo hili. Saa ya ziada katika siku ya kawaida ya kazi hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Saa ya ziada katika sikukuu ya serikali hulipwa si chini ya mara mbili.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi analipwa shilingi 1,200 kwa saa ya kawaida. Mwezi huo amefanya saa 14 za ziada, zote siku za kawaida. Akilipwa kwa bei ya kawaida atapata shilingi 16,800. Akilipwa mara moja na nusu atapata shilingi 25,200. Tofauti ni shilingi 8,400. Kwa mzazi mwenye watoto shuleni, hizo si fedha za kutupa.

Kijana mmoja aliyesomea kompyuta, mtoto wa mwanachama wetu, alijitolea kutusaidia. Aliandika programu ndogo. Programu hiyo husoma saa za kila mtu, huzidisha kwa bei yake, hutoa fedha alizokwisha lipwa, kisha huandika orodha ya madai. Aliijaribu nyumbani kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akatupigia simu: "Wazee, madai yapo, tena si madogo."

Siku ya Ijumaa alikuja ofisini na flashi, akaihamishia programu kwenye kompyuta ya tawi. Kompyuta hiyo ni ya zamani. Tulipewa ikiwa imekwisha tumika. Aliandika amri yake, na printa ikatoa karatasi. Karatasi zikasema hatudai kitu. Kila aliyefanya saa za ziada siku ya kawaida, mbele ya jina lake palikuwa na sifuri.

Mkutano na wakubwa wa kiwanda ulikuwa Jumatatu. Baadhi yetu tulivunjika moyo. Mwenzetu mmoja akasema tusiende kujiaibisha, maana hata mashine yetu wenyewe inakubaliana na tajiri. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa chumba cha kupangia madaraja ya chai. Alitoa daftari la shule ambamo huandika saa zake kila siku. Alizidisha kwa mkono, akaweka kalamu chini, akasema: "Mimi nadai. Kama mashine inasema sidai, basi mashine hiyo haijui nusu."

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukarudi kwenye orodha na kuitazama upya, mstari kwa mstari.

2. DALILI YA KWANZA

Jambo la kwanza tuliloliona ni hili. Wale waliofanya saa za ziada siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba, hesabu yao ilikuwa sawasawa. Aliyefanya saa 8 siku ile na kulipwa shilingi 9,600 alistahili shilingi 19,200, na orodha ilionyesha anadai 9,600. Mashine ilijua mara mbili. Haikujua mara moja na nusu.

Hapo tukapata fundisho la kwanza: usiseme tu kwamba hesabu yote ni mbaya. Tafuta wapi ni nzuri na wapi ni mbaya, kisha uulize nini kimezitenga. Hapa kilichozitenga kilikuwa nusu.

Kijana alitufungulia programu yake. Mahali pa siku ya kawaida alikuwa ameandika:

stahili = 3 / 2 * kiwango * saa

Yaani tatu gawanya kwa mbili, ambayo ni moja na nusu, zidisha kwa bei ya saa, zidisha kwa idadi ya saa. Tuliitazama sote. Hata aliyeishia darasa la saba aliona kwamba haina kosa. Basi maandishi ni sahihi, na jibu ni la makosa. Kosa liko wapi? Kijana akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Huenda aliyesoma si yule niliyemwandikia."

3. MKALIMANI WA KOMPYUTA

Maneno hayo yanahitaji maelezo. Kompyuta haielewi maneno kama tunavyoyaandika. Kati ya maandishi na mashine huwapo mkalimani. Yeye mwenyewe ni programu: husoma maagizo mstari kwa mstari na kuifanya mashine iyatekeleze.

Sisi wa mashambani tunawajua wakalimani. Katika mkutano mmoja huwa na watu wa Kitooro, Kikiga, Kilugbara na Kinyarwanda. Msemaji akisema jambo, mkalimani hulipeleka. Akiwa mkalimani mzuri, neno hufika lilivyo. Akiwa alijifunza lugha zamani, na maana ya neno imebadilika tangu wakati huo, atalipeleka kwa maana ya zamani, wala hatajua kwamba amekosea. Wasikilizaji nao hawatajua.

Programu ya kijana wetu iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Lugha hiyo ilianzishwa na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, na ilitolewa kwa watu mwaka 1991. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2000. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na ndani yake baadhi ya maana za zamani zilibadilishwa. Kwa miaka mingi matoleo hayo mawili yaliishi pamoja, maana watu wengi walikuwa na programu za zamani. Tarehe 1 Januari 2020 wenye Python waliacha kulitunza toleo la 2. Lakini kuacha kulitunza si kulifuta. Katika kompyuta za zamani bado limo, na ukiliita linaitika.

Moja ya maana zilizobadilishwa ni kugawanya. Katika toleo la 2, ukigawanya namba kamili kwa namba kamili, sehemu inayobaki hutupwa. Tatu gawanya kwa mbili ni moja. Saba gawanya kwa mbili ni tatu. Katika toleo la 3, tatu gawanya kwa mbili ni moja na nusu, kama tulivyofundishwa shuleni. Anayetaka kutupa sehemu katika toleo la 3 lazima aseme wazi kwa kuandika mikwaju miwili badala ya mmoja.

Sasa kila mtu anaweza kuona kilichotokea. Mkalimani wa zamani alipofika kwenye "3 / 2" alisoma "moja". Mara moja na nusu ikawa mara moja. Kila saa ya ziada ikahesabiwa kama saa ya kawaida, sawasawa na alivyolipa tajiri. Ukitoa kilicholipwa, kinabaki sifuri. Siku ya sikukuu haikuwa na nusu, ndiyo sababu ilipona.

4. JINSI TULIVYOMTAFUTA MKALIMANI

Kudhani si kujua. Ilibidi tuthibitishe. Tunaeleza hatua zetu pamoja na makosa yetu, ili tawi jingine lisipoteze siku nzima kama sisi.

Hatua ya kwanza. Tulimuuliza mkalimani toleo lake. Katika dirisha la kuandikia amri kijana aliandika:

python --version

Jibu likaja: Python 3.6.9. Hilo ni toleo la 3. Tukachanganyikiwa. Kama mkalimani ni wa toleo la 3, mbona ametupa nusu?

Hatua ya pili. Tuliuliza swali jingine: ni nani hasa aliyemwita mkalimani wakati orodha inatengenezwa? Si sisi. Kijana alikuwa anatumia chombo kiitwacho make. Ni kama mnyapara. Unampa faili la maagizo: ili kupata orodha ya madai, chukua faili la saa, chukua programu, mwite mkalimani. Wewe unaandika neno moja tu, make, naye hufanya mengine.

Chombo hicho kilitengenezwa na Stuart Feldman huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Alikitengeneza baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo haikuwa na kosa. Kosa alikuwa ameshalirekebisha, lakini alisahau kuitengeneza upya, akawa anaendelea kuijaribu ile ya zamani. Hivyo make hutazama kipi kimebadilika, na hurudia kazi ile tu inayohitaji kurudiwa.

Ndani ya faili la maagizo tukakuta mistari miwili:

madai.txt: saa.csv hesabu.py
    python hesabu.py saa.csv > madai.txt

Mnyapara ameagizwa amwite "python". Hakuambiwa yupi.

Hatua ya tatu. Tuliacha kuuliza mlangoni, tukaenda kuuliza ndani ya chumba cha kazi. Katika faili hilo la maagizo, juu ya mstari wa pili, kijana aliongeza mstari wa "python --version", ili make yenyewe imuulize mkalimani wake. Akaandika make. Jibu lililokuja halikuwa la mkalimani. Mnyapara alisema tu kwamba madai.txt iko tayari na hakuna la kufanya. Faili la saa halikubadilika, programu haikubadilika, basi hakuona sababu ya kurudia kazi. Ilibidi tumlazimishe kwa amri hii:

make -B

Sasa mkalimani akajitaja: Python 2.7.17. Tulikuwa tumempata. Katika mashine moja walikuwamo wakalimani wawili, wanaitikia jina moja, kila mmoja kwenye mlango wake.

Hatua ya nne. Tuliuliza sababu. Kwa nini sisi tukiita tunajibiwa na toleo la 3, na mnyapara akiita anajibiwa na toleo la 2? Kijana aliandika:

type -a python

Amri hii huonyesha wote wanaoitikia jina hilo, kwa mpangilio. Ndipo alipojishika kichwa. Miezi michache kabla, alipokuwa akitumia kompyuta hiyo ya ofisi, alikuwa ametunga jina la utani: akiandika "python", mashine ielewe "python3". Jina hilo la utani hufanya kazi katika dirisha la kuandikia amri tu. Mnyapara make hapiti dirisha hilo. Hupitia mlango mwingine, uitwao /bin/sh, ambako majina yetu ya utani hayajulikani. Huko hutafuta "python" katika orodha ya folda iitwayo PATH, akianzia kushoto kwenda kulia, na wa kwanza anayekutwa ndiye anayechukuliwa. Katika mashine yetu wa kwanza alikuwa wa toleo la 2. Nyumbani kwa kijana, jina hilo hilo lilimwita wa toleo la 3. Ndiyo sababu programu moja ilitoa majibu mawili katika nyumba mbili.

5. DAWA TULIYOTUMIA

Watu walitoa mashauri mengi. Mmoja alisema tumfute mkalimani wa zamani. Kijana alikataa, na alikuwa na haki. Kazi nyingine za mashine ya zamani zinaweza kuwa zinamtegemea. Ukimwondoa, au ukilihamisha jina lake lielekee kwa mwingine, unaweza kulala na kosa moja ukaamka na kumi.

Tulifanya mambo manne.

Kwanza, tulimtaja mkalimani kwa jina lake kamili. Katika faili la maagizo tuliandika juu kabisa:

PYTHON = python3

Na mahali pa kumwita tukaandika $(PYTHON) badala ya python. Sasa mnyapara hana nafasi ya kuchagua. Atakayetaka kubadili atabadili mahali pamoja tu, tena waziwazi.

Pili, tuliweka mlinzi ndani ya programu yenyewe, katika mistari ya kwanza:

import sys
if sys.version_info < (3,):
    sys.exit("Huyu si mkalimani wangu. Nahitaji toleo la 3.")

Akiitwa mkalimani wa zamani, programu inasimama na kusema sababu. Ni afadhali kukosa orodha kuliko kupata orodha ya uongo.

Wako wanaodhani inatosha kuandika jina la mkalimani katika mstari wa kwanza wa programu, ule unaoanza kwa alama za #!. Mstari huo husaidia pale faili linapoitwa lenyewe. Lakini ukiandika "python hesabu.py", umekwisha chagua mkalimani, na mstari huo hausikilizwi tena. Kwa hiyo mlinzi awe ndani.

Tatu, tuliifanya programu iandike chini ya kila orodha toleo la mkalimani aliyeisoma, pamoja na tarehe. Karatasi isiyosema ilitoka wapi ni kama risiti isiyo na mhuri.

Nne, tuliweka mtu wa majaribio. Katika faili la saa kuna mstari wa mfanyakazi asiyekuwapo, mwenye bei ya shilingi 1,200 na saa 14, aliyelipwa 16,800. Jibu lake linajulikana: anadai 8,400. Kabla ya kusoma jina la mtu yeyote, tunamsoma yeye. Kama hadai 8,400, hatuendelei. Na kabla ya orodha kwenda kwa wakubwa, mstari wake tunaukata.

Baada ya hayo tuliandika make -B, ili tuwe na hakika kwamba kazi yote imerudiwa upya. Karatasi mpya zikatoka. Yule mama alilinganisha jina lake na daftari lake. Zikalingana.

Siku ya Jumatatu tuliingia mkutanoni na orodha, pamoja na madaftari ya watu sita. Mhasibu wa kiwanda alizidisha mwenyewe mbele yetu, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakupata la kupinga. Malipo ya mwezi ule na ya miezi miwili iliyotangulia yalilipwa. Ya miezi ya nyuma zaidi wakubwa walitaka ushahidi wa saa, na wengi wetu hatukuwa na madaftari. Hapo tulipoteza, na tunasema kweli kwamba tulipoteza.

6. MAKOSA YANAYOPIGA KELELE NA MAKOSA YANAYONYAMAZA

Mkalimani asiye sahihi mara nyingi hujifichua. Mpe wa toleo la 3 programu ya zamani ambayo neno print halina mabano: atakataa hata kuanza. Tena katika Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, kifurushi kiitwacho distutils kiliondolewa. Vyombo vya zamani vya kutengenezea programu vilivyokitegemea vilianza kusimama na kulalamika kwamba hakipatikani. Na katika kompyuta nyingine mpya jina "python" peke yake halimo kabisa. Ukiita unaambiwa amri haijulikani. Hayo yote yanaudhi, lakini ni makosa ya heri kwa sababu yanapiga kelele. Unajua kuna jambo, unatafuta.

Kosa letu lilikuwa la kunyamaza. Programu ilianza, ikamaliza, printa ikafanya kazi, karatasi ikatoka safi yenye majina yote. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Boila likipasuka bomba kila mtu husikia. Mizani ikipunja nusu kilo hakuna anayesikia, ila mchumaji huumia kila siku.

Tena tusidhani kwamba mkalimani mpya siku zote humpa mfanyakazi zaidi. Ukimwambia wa toleo la 2 akaribishe 2.5 kwenye namba kamili, atasema 3. Wa toleo la 3 atasema 2, kwa kuwa sheria yake ni kwamba nusu kamili huenda kwenye namba iliyo shufwa. Kwa hiyo swali si nani mpya na nani wa zamani. Swali ni hili: aliyeandika maagizo alimwandikia nani, na aliyeyasoma ni nani?

Swali hilo tunalijua tangu zamani. Mkataba wa mwaka juzi na mkataba wa mwaka huu yote huitwa "mkataba". Karani akishika ule wa zamani, atatulipa kwa uaminifu kabisa, naye atatupunja. Ndiyo sababu wajumbe wetu wakienda mezani hutaja mkataba kwa tarehe yake na kifungu chake. Na mashine tuifanyie vivyo hivyo.

7. YA KUKUMBUKA

Moja. "Mashine imesema" si jibu. Uliza mashine ipi, kwa programu ipi, ikisomwa na mkalimani wa toleo lipi.

Mbili. Usimuulize mkalimani mlangoni. Muulize pale pale kazi inapofanyika, kupitia chombo kile kile kinachomwita.

Tatu. Jina fupi lina wenyewe wengi. Taja jina kamili, tena kwa maandishi.

Nne. Ukirekebisha, hakikisha kazi imerudiwa kweli, si orodha ya jana iliyotolewa tena leo.

Tano. Weka mfano mmoja ambao jibu lake unalijua kwa kichwa.

Sita. Daftari lako la saa na kilo usiliache. Siku ile kila kitu ofisini kilikuwa kimekosea isipokuwa daftari la senti chache.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mfanyakazi analipwa shilingi 1,000 kwa saa. Amefanya saa 10 za ziada siku za kawaida na saa 6 sikukuu ya serikali. Anastahili kiasi gani kwa saa zote hizo? Mkalimani wa toleo la 2 angempa kiasi gani kwa maandishi yale ya "3 / 2"? Majibu: 27,000 na 22,000.

2. Katika kiwanda chenu, nani huingiza saa katika kompyuta, na nani huruhusiwa kuona jinsi zinavyozidishwa? Je, mmewahi kuomba kuonyeshwa?

3. Kama tawi lenu lina kompyuta, jaribuni kuandika python --version, kisha python3 --version. Andikeni majibu katika daftari la tawi, pamoja na tarehe.

4. Wangapi katika kikundi chenu wanaandika saa zao kila siku? Wasioandika waanze lini?

Kuuliza si ujinga, ndugu zetu. Aliyeuliza siku ile alikuwa mama mmoja mwenye kalamu, na swali lake lilirudisha fedha za watu wengi. Umoja ni nguvu.